Shahidi wa Wapinzani

Kadi ile aliipeleka Annonciata mwenyewe. Hakupekuliwa, hakunyang'anywa, hakuna mtu aliyemchongea. Aliifuta kwa upindo wa kitenge chake, akatembea nayo kutoka mlangoni kwake hadi barazani kwa mwenye nyumba, akamkabidhi kwa mikono miwili pamoja na fotokopi yake. Ukitaka kumwita mjinga, mwite, lakini ngoja kwanza ujue ametoka wapi.

Ametoka Bukavu. Na huko Bukavu aliyoiacha, kadi ya kupigia kura ndiyo kitambulisho, hakuna kingine. Ndiyo unayomwonyesha askari, ndiyo unayopeleka benki, ndiyo wanayokudai ukienda kupokea pesa uliyotumiwa na ndugu. Mtu anaweza kufika uzeeni bila kumpigia kura yeyote, lakini kadi atakuwa nayo, na fotokopi zake atakuwa ameziweka kwa shangazi, kwa mchungaji na chini ya godoro, kwa sababu vita vikija karatasi ndizo za kwanza kupotea. Miaka saba sasa Annonciata alikuwa mkimbizi Malawi, na kwa miaka saba hakuwa na kitu chenye picha yake isipokuwa karatasi ya kambi ya Dzaleka, ambayo kazi yake kubwa ni kumwambia kila askari kwamba mwenye karatasi hii hapaswi kuwa hapa alipo.

Maana hakuwa Dzaleka. Alikuwa akiishi Kawale, mjini Lilongwe, yeye na mumewe Balagizi na binti yao Olga. Walishona nguo katika chumba cha mbele na kulala katika cha nyuma. Kila mwezi walipanda minibasi kwenda kambini kupokea mahindi na kuitikia majina yao, kisha wakarudi mjini kwa kujiiba. Serikali ilijua. Ilijua ikanyamaza, na siku ikitaka kukumbuka ilikumbuka.

Basi waandikishaji walipokuja na meza zao katika shule ya msingi ya jirani, mayi Namalomba, mwenyekiti wa akina mama wa chama tawala, alimwambia, "Nenda, amayi, wanatoa kadi yenye picha, bure." Annonciata hakufikiria kura. Alifikiria kizuizi cha polisi kwenye njia ya Dzaleka. Mayi Namalomba alikuwa mteja wake, ndiye aliyemletea vitambaa vya chama awashonee wacheza ngoma. Alimpeleka kwa gari la chama pamoja na wanawake wengine wa Kikongo, akasimama kando yake mezani. Mwandikishaji alipouliza kijiji, mayi Namalomba ndiye aliyejibu, akataja kijiji kimoja cha upande wa Dedza. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Annonciata alisoma kwa masista, kwa Kifaransa, hadi mwaka wa nne wa sekondari. Akatia sahihi yake nzuri ya shuleni pale alipoonyeshwa kidole, akapigwa picha, akatoka na kadi.

Na kadi ilifanya kazi. Mwezi ule kizuizini askari aliitazama, akamrudishia, akamwambia safari njema. Miaka saba, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu mwenye sare kumtakia jambo jema.

"Umejiandikisha kupiga kura?" mwenye nyumba alimuuliza sasa pale barazani.

Huyu aliitwa bambo Kachepa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mtu wa kofia na miwani iliyofungwa kwa uzi, na alikuwa katibu wa chama cha upinzani katika kata ile. Alikuwa amewataka wapangaji wote walete vitambulisho aandike mikataba upya. Hilo tu. Hakuwa na mtego wowote.

"Hapana, bambo," Annonciata alijibu kwa Chichewa chake cha sokoni. "Nimejiandikisha kupata kadi."

Mzee aliigeuza kadi upande huu na upande ule. Uchaguzi uliopita mgombea wao alishindwa katika kata hii kwa kura sitini na tatu. Aliandika barua, akaandika nyingine, akasema kuna majina kwenye daftari ambayo hayajulikani na jirani yeyote wala kaburi lolote. Ofisini wakamsikiliza wakitafuna kalamu. Mtaani wakamwita Kachepa wa mizimu. Miaka mitano alikuwa akimtafuta mzimu mmoja tu, mwenye mikono na miguu, aje nao mbele ya watu. Na mzimu huyu hapa alikuwa mpangaji wake, tena mwanamke mwenye adabu asiyechelewesha kodi.

"Kadi chukua," alisema hatimaye. "Fotokopi nitabaki nayo."

Annonciata akamshukuru.

*

Siku ya nne yake ilikuwa Alhamisi. Balagizi alirudi kutoka kanisani, alikokuwa mkalimani wa mahubiri, akiwa na gazeti lililokunjwa mara nne mfukoni. Hakusalimia. Alilikunjua juu ya meza ya kukatia nguo, akalitandaza kwa viganja vyake kama anatandaza kitambaa.

"Mama Olga, hii ni sura ya nani?"

Pichani kulikuwa na mwanamume wa suti nyuma ya vipaza sauti, ameinua juu karatasi kubwa. Kwenye karatasi ile kulikuwa na kadi, na kwenye kadi kulikuwa na uso wa mwanamke aliyejitahidi kutocheka.

"Ni miye," alisema Annonciata.

"Njo weye. Sasa uniambie, uko Mumalawi tangu lini?"

Olga, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi wa pili na ndiye aliyejua Kiingereza nyumba nzima, alisoma kichwa cha habari kwa sauti ya chini. Kilisema kwamba wageni wanaandikishwa kutuchagulia serikali. Akasoma na maneno ya yule bwana wa suti: kwamba chama chake kina ushahidi usiopingika, kwamba daftari limechafuliwa, kwamba demokrasia changa haiwezi kulelewa kwa wizi.

"Banasema mimi nimeiba?" Annonciata aliuliza.

"Hawajasema umeiba, mama. Wamesema umeibishwa."

"Yote ni moya," alisema Balagizi. "Annonciata, tulibakiza nini? Sema, niko nakuuliza. Tulibakiza nini?"

Balagizi alipomwita jina lake badala ya Mama Olga, Annonciata alijua mambo yamefika pabaya. Na walichobakiza alikijua kuliko mumewe. Faili yao ya safari ilikuwa na miaka mitano. Walikuwa wamehojiwa mara sita juu ya Bukavu, kila mmoja peke yake: nani alichoma nyumba, mlango ulikuwa wa rangi gani, kaka yake Annonciata alipigwa risasi ngapi. Walikuwa wamepimwa damu na mapafu. Australia ilikuwa imewakubali, wote watatu. Kilichobaki ilikuwa siku ya kupanda ndege, basi. Na kila aliyewahoji alirudia onyo lile lile: yeyote mwenye kosa la udanganyifu wa karatasi, faili yake inafungwa.

"Sikuvota mutu," alisema Annonciata. "Vote yenyewe haiyafika. Kule kwetu ile karte njo banaonyeshaka polisi. Weye mwenyewe ulikuwaka nayo."

"Kule kwetu! Kule kwetu tuko?"

Hapo Balagizi alikuwa mkatili, na ukatili wake ulikuwa wa woga. Ile kadi alikuwa ameiona tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameishika, akasema picha imetoka vizuri, akauliza kama bado wanaandikisha.

*

Mayi Namalomba hakuchelewa. Asubuhi yake alikuwa mlangoni na vijana wawili wa chama, akapita ndani bila hodi, akaketi kwenye kiti cha wateja. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, ambaye kila alipokuja kupimwa nguo alimsifia Annonciata mkono wake. Leo hakusifia kitu.

"Ulinidanganya, amayi," alisema.

"Mimi?"

"Uliniambia wewe ni wa Dedza."

Annonciata alidhani ni mzaha, akangoja acheke. Hakucheka.

"Mayi, kile kijiji ulikitaja wewe. Mimi hata leo siwezi kukitamka."

"Ndivyo utakavyosema? Sawa. Sikiliza, sikuja kugombana." Akashusha sauti, akawa yule wa zamani, wa kuomba punguzo. "Kutakuwa na kikao cha malalamiko. Wapinzani watakuita. Wewe ukifika sema ulitaka kadi kwa shida zako, ukatudanganya sote. Utatozwa faini ndogo, sisi tutailipa. Ukisema mengine, mimi nitakuwa nimekaa kimya tu, lakini polisi wanaweza kuuliza mume wako anaishi mjini kwa ruhusa ya nani."

Akasimama. Vijana walianza kukusanya vitambaa vya chama rafuni. Walichukua visivyokatwa, wakachukua na magauni saba yaliyokwisha, yenye vifungo na lesi ambavyo Annonciata alivinunua kwa pesa yake.

"Yale saba hamjalipia," alisema.

"Hii ni mali ya chama," kijana mmoja alimjibu, akilikunja gauni vibaya, mikono ndani nje.

Walipoondoka, Annonciata alifagia vipande vya uzi, akafagia tena mahali pale pale. Alikuwa na hasira. Si kwa magauni. Yule mwanamke alikuwa amemtazama machoni akasema uongo bila hata kukohoa.

Jioni walijadiliana wote watatu. Balagizi alitaka wafanye alivyosema Namalomba, faini ilipwe, yaishe. Olga ndiye aliyekataa.

"Papa, akisema alidanganya, hilo lenyewe ndilo kosa. Atakuwa ameungama. Faili imekwisha. Lakini akisema ukweli, kwamba alipelekwa, kwamba hakuelewa fomu, basi yeye ndiye aliyedanganywa. Mtu aliyedanganywa hana kosa."

"Inchi gani hiyo?" Balagizi aliuliza. "Mutu wa kudanganywa hana kosa, inchi gani?"

Wakakubaliana kwamba Annonciata aseme ukweli, kwa ajili ya faili. Naomba hilo lieleweke, maana baadaye wako waliomwita shujaa na wako waliomwita msaliti. Hakuwa akiitetea demokrasia ya mtu. Alitaka kupanda ndege na mume wake na mtoto wake.

*

Bambo Kachepa aliwapeleka yeye mwenyewe mtaa wa Area 47, kwenye nyumba ya mwanasheria wa chama. Njiani aliomba radhi mara tatu. Alisema aliwapa wakubwa ile fotokopi kwa masharti kwamba jina lifunikwe. Alisema wakubwa wana haraka. Annonciata alimwamini, na mzee alikuwa anasema kweli; ubaya ni kwamba kweli yake haikumfaa mtu kitu.

Waliketishwa jikoni. Sebuleni kulikuwa na kikao, na mfanyakazi wa ndani aliwaambia wasishike kitu. Saa moja na nusu baadaye mwanasheria alikuja akiwa na simu sikioni. Akawapa mkono bila kuwatazama, akavuta kiti.

"Huyu ndiye?" alimuuliza Kachepa.

"Ndiye, bwana."

"Gari la chama lilibeba wangapi?"

Olga akatafsiri. Annonciata alijua jibu. Walikuwa kumi na mmoja, wote wa kikundi chao cha kuweka na kukopa pale kanisani. Alijua nyumba ya kila mmoja, alijua nani ana mimba na nani mume wake yuko gerezani Zambia.

"Nasema juu yangu tu," alijibu.

Mwanasheria akamgeukia Kachepa, akazungumza Kiingereza harakaharaka, kama vile waliopo wengine ni masufuria. Olga alisikia yote na akamnong'oneza mama yake: "Anasema mmoja hatoshi. Anasema mmoja ni kosa la karani, mia ndiyo wizi. Anasema wewe ni mwanzo mzuri."

"Mwambie hao wengine wana watoto."

Alimwambia. Mwanasheria akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema, sawa, hata mmoja atatikisa kitu. Aseme tu ukweli, aseme nani alimpeleka, nani alijibu maswali. Akisema hivyo hataguswa. Chama kizima kitasimama nyuma yake.

Balagizi, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kwa kuwa viti havikutosha, alinyanyua mkono kama mwanafunzi.

"Olga, mwambie baandike ile. Kama hataguswa. Baandike, batie sinyature na kashee."

Kwa mtu wa Bukavu neno lisilo na muhuri ni upepo. Olga akatafsiri kwa aibu. Mwanasheria alicheka, cheko la kweli kabisa, la mtu aliyefurahishwa.

"Mzee, mimi ni mwanasheria. Neno langu halitoshi?"

Bambo Kachepa naye alicheka kidogo, kwa heshima. Balagizi akashusha mkono. Karatasi haikuandikwa.

*

Kikao kilifanyika katika ukumbi wa mikutano wa wilaya, mezani wasuluhishi watatu, wapinzani kushoto, chama tawala kulia. Mayi Namalomba aliketi safu ya pili, amevaa moja ya yale magauni saba. Lilimkaa vizuri sana. Waandishi wa habari walikuwa wengi, na Annonciata alipopita walimpiga picha mpaka akashindwa kuona kiti chake kiko wapi.

Alisema ukweli. Alisema kwa Kiswahili, Olga akafasiri. Alieleza gari, meza, kijiji alichotajiwa, fomu aliyoitia sahihi bila kuisoma. Alieleza kadi ya Bukavu na askari wa kizuizini. Mwanasheria wa chama tawala alisimama akamuuliza swali moja.

"Sahihi hii kwenye fomu inayosema 'mimi ni raia wa Malawi', ni yako?"

"Ni yangu."

"Uliandika kwa mkono wako mwenyewe? Hakuna aliyekushika mkono?"

"Hakuna aliyenishika."

"Asante."

Mwanasheria wa upinzani akasimama, akazungumza dakika ishirini. Alizungumza vizuri, hata walinzi wa mlangoni waliacha kupiga soga. Alisema nchi iliyopigania haki ya kuchagua haiwezi kukubali daftari kama hili. Alimnyooshea Annonciata mkono akasema, "Mtazameni." Watu wakamtazama. Nyuma ya ukumbi bambo Kachepa alikuwa amevua miwani, anafuta macho. Miaka mitano walimcheka, na sasa hakuna aliyecheka. Kwa dakika zile ishirini Annonciata naye aliamini kwamba jambo lile linamhusu yeye.

Kisha mwenyekiti wa wasuluhishi akaomba mapumziko, akawaita wakuu wa pande zote mbili katika chumba cha pembeni. Wakakaa huko saa mbili. Vinywaji viliingizwa, baadaye na sinia la sambusa. Walipotoka walikuwa wanaongea mpira. Taarifa ilisomwa: majina ya wageni mia mbili na kumi na manne yatafutwa katika daftari, pande zote zimeridhika, hakuna chama kinachopaswa kulaumiwa, na upinzani utapewa mawakala wawili wa ziada katika kila kituo. Waheshimiwa wakashikana mikono mbele ya kamera. Mayi Namalomba alishikana mkono na mwanasheria wa Area 47, wakataniana jambo fulani juu ya uzito.

"Imeisha?" Balagizi aliuliza. "Banasema nini juu yetu?"

Olga alisikiliza mpaka mwisho. "Hawajasema kitu juu yetu, papa."

Waliosema walikuwa askari wawili waliokuwa wakingoja mlangoni. Walimwambia Annonciata kwamba ameungama mbele ya kikao halali kuwa alitoa taarifa ya uongo kuhusu uraia wake. Olga alimkimbilia mwanasheria wao, akagonga dirisha gari likiwa limekwisha washwa. Mwanasheria alishusha kioo.

"Hilo ni la jinai, binti. Mimi nashughulikia mambo ya uchaguzi. Mwambieni Kachepa awatafutie mtu."

Kachepa hakupata mtu. Alimfuata mwanasheria nyumbani siku tatu mfululizo, akaketi jikoni kwake safari hii, akaambiwa asishike kitu. Siku ya hukumu hakuja mahakamani. Alituma mpangaji mwingine aseme kwamba kodi ya mwezi ule ameisamehe. Hakimu alikuwa mtu mpole, aliyetaka amalize kesi zake kabla ya chakula. Alitaja faini au miezi minne jela, na kwa vyovyote vile familia irudi Dzaleka ndani ya siku saba. Balagizi aliuza cherehani mbili walipe faini. Ile ya tatu, ya kudarizi, ilinunuliwa na mayi Namalomba kwa mtu wa kati, kwa bei ya kutupa.

Wale wanawake kumi wengine hawakuguswa. Majina yao yalifutwa tu. Mmoja alikuja kumuaga Annonciata siku ya kuhama, akamletea kilo ya sukari, akalia, lakini hakukaa muda mrefu maana hakutaka kuonwa pale.

*

Dzaleka walifikia kwa Marguerite, dada yake Balagizi, chumba kimoja cha matofali mabichi na pazia katikati. Uchaguzi ulikuja ukapita. Shule ya vijiji vya jirani ilikuwa kituo, na tangu alfajiri Wamalawi walipanga foleni kando ya njia wanayopita wakimbizi kwenda kuchota maji. Upinzani ulishinda viti fulani, ukashindwa vingine, ukalalamika juu ya vile ulivyoshindwa. Bambo Kachepa alipiga simu kusema kwamba katika kata yake mara hii tofauti ilikuwa kura kumi na tisa tu. Balagizi alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia hongera.

Wiki ya tatu baada ya hapo waliitwa na ofisi ya safari.

Afisa alikuwa mwanamke kijana, mgeni, mwenye sauti ya upole na mkalimani wa Kiswahili. Aliwaeleza polepole. Mama ana hukumu ya udanganyifu. Faili yenye mtu wa namna hiyo haiwezi kuendelea. Lakini faili si ya mama peke yake, na si haki baba na binti wafungiwe kwa kosa lisilo lao. Mama akitolewa, hao wawili wanaweza kusafiri kabla ya Krismasi. Mama ataweza kuomba upya baada ya miaka kadhaa, hakuna ahadi.

"Shiye bote tunapaswa kukubali?" Balagizi aliuliza.

"Wote watatu, kwa hiari. Akikataa hata mmoja, faili inabaki jinsi ilivyo, imefungwa. Rudini Jumatatu."

Siku nne zile Olga aliapa kwamba haendi popote. Alisema hivyo akiosha vyombo, akasema kanisani, akamwambia shangazi yake Marguerite mbele ya watu. Balagizi hakuapa wala hakukana. Alikuwa akitoka asubuhi kutafuta vibarua vya kushona kwa watu wenye cherehani, akirudi anasema mgongo unauma.

Jumatatu njiani, Annonciata alisimama akawageukia.

"Musikie. Bakiuliza, mutaitika. Bote. Olga, na weye. Sitaki uniletee mambo ya kulia mule ndani. Mutaenda, mutafanya kazi, mutanifwatisha kisha. Mumesikia?"

"Tumesikia," alisema Balagizi.

Olga aliangalia chini.

"Olga, niko nakuambia."

"Nimesikia, mama."

Afisa alisema kila mmoja ataingia peke yake na mlango utafungwa, ili asishurutishwe na mwenzake, na atakachosema hakitaambiwa wengine ila matokeo tu. Mkalimani alirudia maneno hayo mara mbili. Annonciata aliingia wa kwanza. Alisomewa karatasi kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, akaulizwa kama ameielewa, akaulizwa kama kuna mtu amemtisha au kumwahidi kitu. Hajawahi kuulizwa hivyo maishani mwake na mtu aliyeketi nyuma ya meza. Alisema anakubali. Akatia sahihi, safari hii akijua kila neno.

Balagizi aliingia, akakaa humo muda mrefu. Alitoka akaketi mwisho wa benchi, akavua kofia akaivaa tena. Akaingia Olga.

Hapo kwenye benchi, Annonciata aliona haya kwa jambo alilolikuta moyoni mwake. Alikuwa anaomba. Alikuwa anamwomba Mungu Olga akatae. Hakutaka mtoto wake aozee kambini, hapana, alitaka aende, akasome, akavae viatu vizuri. Lakini alitaka mtu mmoja aseme hapana. Mmoja tu, hata kama yeye mwenyewe angemgombeza barabara nzima hadi kwa Marguerite.

Olga hakukawia. Alitoka akiwa amekausha macho, akasimama karibu na dirisha akiwapa mgongo. Baada ya muda afisa alikuja na karatasi zake zimebanwa pamoja, akawatazama kwa huruma.

"Mmekubali wote watatu," mkalimani alitafsiri. "Kama kuna mwenye malalamiko juu ya jinsi mlivyoulizwa, ana siku kumi na nne kuyaleta kwa maandishi. Kuna mwenye malalamiko?"

Balagizi alitikisa kichwa. Olga alitikisa kichwa bila kugeuka. Annonciata akafikiri kwa uaminifu, akatafuta, asione kasoro hata moja. Mlango ulifungwa, maswali yalikuwa wazi, hakuna aliyeshikwa mkono. Yeye ndiye aliyewaambia waitike, nao wakaitika, na alijua pale pale kwamba hatawasamehe.

"Hakuna," alisema.